Mjapani wa Juu ya Kabati

Jumapili, 2 Novemba 2025

Baba amesali tena akielekea kabati. Mara ya tatu wiki hii.

Nakimuli, msaidizi wetu wa nyumbani, alinipokea mlangoni kabla sijavua viatu. Ni msichana mwenye adabu, hapendi kusemea watu, kwa hiyo alianza kwa kuniuliza kama magari yalikuwa mengi barabarani. Halafu: Madam, Jjajja amegeuza mswala. Kwao Uganda jjajja ni babu, na Baba anaitikia jina hilo haraka kuliko anavyotuitikia sisi watoto wake. Nakimuli ni Mkristo. Anasema si kazi yake kumwambia mzee wa Kiislamu aelekee wapi, lakini mshale wa kibla si upo ukutani? Upo. Nimeubandika mwenyewe, wa kijani, upande wa dirisha, magharibi, mkubwa kama wa hospitalini. Baba anaupita kama haupo.

Sala ya magharibi amesali sawasawa kwa sababu nilisimama pale pale. Nilipokwenda kutazama chungu tu, zile rakaa mbili za baadaye — kabati.

Miaka sabini na tisa. Daktari ameshasema, maradhi ya kusahau hayapoi, tunayapunguza mwendo tu. Mimi nina hamsini, nimeachika, na ni mwaka wa kumi na tisa nimekaa mapokezi ya gereji ya duka la magari hapa Wattaya, Omani, kutwa nasikiliza watu wakiniigizia milio ya injini zao. Subira ninayo. Inaniishia huko huko, nyumbani nafika mikono mitupu.

Jambo jingine, dogo. Bwana Nishio, Mjapani aliyeletwa miezi miwili kufundisha mafundi wetu, anaondoka wiki ijayo na amenipa zawadi ya kuagia. Picha kwenye fremu. Mtu mwenye kipara, vazi jeusi la mtawa, yuko juu ya farasi, lakini amekaa kinyumenyume, uso kwenye mkia. Nikauliza kama ni kichekesho. Akasema hapana, huyo ni shujaa wa mji wao, samurai, mpiganaji wa zamani. Nikasema mbona hajui kupanda farasi. Alicheka mpaka akavua miwani.

Jumatatu, 3 Novemba

Mchana Bwana Nishio amenihadithia kisa cha yule mtu wa farasi. Nakiandika nisije nikasahau na mimi. Nasikia maradhi haya yanarithiwa.

Jina lake Kumagai. Miaka mia nane na zaidi iliyopita. Koo mbili zinagombania nchi, vita viko ufukweni, upande mmoja umeshindwa na unakimbilia mashua zake. Kumagai anamwona mpanda farasi mmoja mwenye silaha nzuri keshaingia majini. Anamwita: rudi, usinipe mgongo. Na yule, ambaye angeweza kwenda zake — akageuza farasi akarudi. Wakakamatana, wakaanguka mchangani. Kumagai akamvua kofia ya chuma amkate kichwa. Kijana! Miaka kumi na sita, kumi na saba, uso umepakwa poda kama watoto wa wakubwa wa siku hizo. Rika la mwanawe mwenyewe, ambaye asubuhi ile ile alijeruhiwa kidogo na baba mtu akapata kiwewe. Akataka kumwachia. Akatazama nyuma, anaona wenzake wanakuja, farasi hamsini. Yeye akimwacha, wao hawamwachi. Akamuua huku analia. Kiunoni mwa kijana mlikuwa na filimbi ndani ya mfuko wa hariri. Alfajiri walikuwa wameisikia filimbi hiyo kutoka kambi ya adui, wakasifu mpigaji.

Baadaye Kumagai aliweka upanga chini, akanyoa kichwa, akawa mtawa. Dini aliyoishika inasema pepo iko upande wa magharibi. Akaapa hataipa magharibi mgongo, akikaa, akilala, popote. Na kwao ni mashariki. Basi alipokuwa akienda kwao alipanda farasi kinyumenyume.

Jioni nilimhadithia Baba, nikidhani atasinzia katikati. Hakusinzia. Alicheka niliposimulia mwisho, kwamba mzee huyo alitangaza siku atakayokufa, watu wakajaa kumtazama, na hakufa, ikabidi atangaze siku nyingine. "Huyo wa kwetu," alisema Baba. Halafu uso ukabadilika.

"Yule kijana, miaka mingapi?"

"Kumi na sita. Kumi na saba."

"Na alirudi mwenyewe."

"Aliitwa, akarudi."

"Mwenzangu alikuwa na watu nyuma yake wanamtazama. Mie n'likuwa peke yangu."

Nikamwuliza, wapi, Baba? Akasema anataka uji.

Jumatano, 5 Novemba

Picha imetundikwa. Baba ndiye aliyechagua pa kuiweka. "Mweke pale n'muone." Msumari amepiga Nakimuli, vizuri kuliko fundi.

Pale ni juu ya kabati. Sikufikiri. Watu wa akili timamu nyumbani humu ni wawili na hakuna aliyefikiri.

Ijumaa, 7 Novemba

Thani amekuja chakula cha mchana na binti yake Bashayer. Ndugu yangu huyu ni mdogo wangu kwa miaka minne, lakini tangu apewe ofisi yenye dirisha wizarani amekuwa mkubwa wangu. Nampenda. Hilo niliandike kwanza.

Biryani ilikwenda vizuri. Kisha Baba akaingia chumbani kusali alasiri, Thani akamfuata aungane naye, na nikasikia jina langu likiitwa namna ile ya Mama akikuta kikombe kimevunjika. Nikaenda. Baba yuko kwenye sijda, paji la uso chini, mbele yake kabati, na juu ya kabati mtawa wa Kijapani kwenye farasi.

Thani alisubiri Baba atoe salamu ya kufunga sala, adabu hiyo anayo. Halafu akanivuta ukumbini. Eti nimemwekea mzazi sanamu kwenye kibla. Mzee wa watu amesali miaka sabini kwa Mola wake, leo anamsujudia kafiri aliyepanda farasi vibaya. Nikamwambia alianza kabla ya picha. Hakusikia. Anavyoona yeye, picha ndiyo iliyomgeuza Baba. Akaishusha, akaifunga kwenye gazeti, akaipeleka garini.

Baba aliuliza mara moja tu: "Keshakwenda?" Nikasema ndiyo. Akaangalia msumari.

Halafu habari yenyewe iliyowaleta. Bashayer anasoma chuo, ametakiwa arekodi mzee wa familia akisimulia jambo. Ijumaa ijayo, hapa kwetu. Jambo lenyewe Thani ameshalichagua, na ni lile lile tulilolelewa nalo, linalosimuliwa kila Idi na kila harusi. Unguja, Januari sitini na nne, siku za mapinduzi. Nyumba ya mtaa wa Malindi, mjini. Risasi nje, watu wanavunja milango. Baba, kijana wa miaka kumi na minane, yuko chini anasali. Mlango unagongwa. Hakati sala. Unagongwa tena, na tena. Hakati sala. Wakachoka, wakaenda zao. Bibi, mama yake Baba, alikuwa ghorofani, alimwona kwa jicho lake hakutikisika, na ndiye aliyeitangaza habari hiyo mpaka Mombasa. Tangu hapo Baba ni mtu ambaye sala yake ilizuia mapanga. Thani akisimulia machozi humlengalenga, na mimi pia, nisijifanye.

Bi Balqis ataalikwa. Alikuwa jirani yetu wa Malindi, mtoto wa miaka kumi na miwili wakati huo, leo anaishi Matrah, hapa karibu, na magoti yake mabovu. Kaka yake Sami alikuwa rafiki wa Baba, chanda na pete. Siku ile Sami alitoka kwao na hakurudi. Hawakumpata, si hai si maiti. Wanadhani alikamatwa njiani kuelekea bandarini. Kila Idi Bi Balqis huja na sahani ya vileja, vile vibiskuti vya kwetu, hapigi kengele, hugonga mlango kwa pete yake ya fedha mara tatu, hukaa karibu na Baba na kusema neno lile lile: "Sami angalifika kwenu, kaka Jaifar, angalipona. Kwenu mlango ulikuwa mzito."

Baba hujibu kwa kumwekea kileja kwenye kisahani. Nimeliona hilo maisha yangu yote.

Jumamosi, 8 Novemba

Picha haipo. Msumari tu. Amesali kuelekea msumari.

Nimempigia Thani nimwambie. Hakupokea.

Nilikaa kitandani kwa Baba nikaangalia chumba kama mgeni. Dirisha, magharibi. Mlango, kusini. Kabati liko kaskazini, na nyuma ya ukuta kuna barabara, na huko mbali bahari. Kaskazini. Nikasimama ghafla mpaka Nakimuli akauliza kama nimeumwa na mdudu.

Unguja kibla ni kaskazini.

Kutoka pale Makka iko juu kabisa, moja kwa moja. Kutoka hapa iko magharibi. Baba hakukosea kibla. Amekosea nchi. Yumo chumbani Malindi, na kwa pale alipo anaelekea sawasawa, mlango uko mgongoni kwake kama ulivyokuwa.

Nilifurahi siku nzima kama niliyetatua hesabu ngumu. Nikasema nitaubandua mshale, mtu aliyepungukiwa akili hana dhima, aachwe na Malindi yake. Yule Mjapani alipanda farasi kinyumenyume na watu wakamwita walii.

Jumatatu, 10 Novemba

Furaha imekatika.

Nakimuli aliniambia jioni, akikunja nguo, bila kuniangalia. Madam, kuna kitu kingine. Jjajja akiwa anasali na mtu akabisha hodi, yeye hanyanyuki kwa sijda. Anakaa chini. Hata dakika kumi. Siku ile mtu wa gesi alibisha sana, nikatoka kufungua, nikarudi, bado yuko chini. Nilifikiri amekufa, madam, sori. Nikamshika bega. Anatetemeka. Anasema pole pole, nenda, nenda, nenda.

"Anamwambia nani?"

"Sijui. Si mimi, nilikuwa sijaongea."

Sikula.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeomba ruhusa nusu siku. Nimeandika haya mara mbili kichwani njiani, sasa nayaandika kwa mkono.

Asubuhi Baba alikuwa yeye. Siku kama hizi zimebaki chache, macho yanakuwa makali, anakuuliza khabari za kazini na anasubiri jibu. Alikunywa chai barazani. Nikamwuliza bila kuzungusha, maana nikizunguka yeye hupotea kabla sijarudi. Nikasema, Baba, siku ile Malindi, ni nani aliyegonga?

Hakushangaa. Alikuwa kama mtu aliyesubiri zamu yake hospitalini na jina likaitwa.

"Sami."

Alisimulia taratibu. Alikuwa kweli kwenye sala, alasiri, rakaa ya tatu. Mara tatu mlango. Sauti ya Sami, ndogo, "Jaifar, fungua, ni mie." Na mbali kidogo, mwisho wa uchochoro, sauti za watu. "Hawajafika bado. Nafasi ilikuwepo. Kufungua komeo, kumvuta, kufunga. Nafasi ilikuwepo, Muhsina." Akaenda sijda. Na hakunyanyuka. "N'karefusha. Kila akigonga n'karefusha. N'kasema moyoni, mie niko kwenye sala, siwezi. N'likuwa naweza." Sami aligonga mara ya tatu, kisha miguu ikikimbia, kisha sauti zile zikapita mlangoni zikimfuata.

Alipotoa salamu Bibi alikuwa amesimama ngazini analia kwa furaha. Mwanangu, sala yako imetuokoa. Bibi hakuwa amesikia sauti, milango ya kule mizito, ghorofani ilifika mishindo tu. "N'kasema n'tamwambia kesho. Kesho yake keshawaambia watu wanne."

Miaka sitini na moja. Bi Balqis na vileja vyake kila Idi.

Nilimshika mkono. Sijui kusema uongo wa kuliwaza, nilijaribu: ulikuwa mtoto, Baba, wangewaua wote. Akasema labda. Akasema yule Mjapani wangu angalau alimtazama kijana usoni. Kisha akasema hili, nalinakili kama alivyolisema:

"Mwambie Balqis. Mie n'taisahau hii. Na n'kiisahau, n'takuwa n'memfungia mara ya pili."

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kama watu wanavyomwambia mgonjwa ndiyo.

Mchana alikuwa ameshaondoka tena. Aliniuliza kama Mama amerudi sokoni. Mama amefariki mwaka wa tisa huu.

Jumatano, 12 Novemba

Siku ya mwisho ya Bwana Nishio. Mafundi wamemnunulia kofia ya Kiomani, imemkaa.

Nilimwuliza: kisa kile ni kweli? Alifikiri kwanza, sifa yake hiyo. Akasema Kumagai alikuwepo kweli, vita vile vilikuwepo kweli. Lakini kumbukumbu za watawala wa wakati ule zinatoa sababu nyingine ya kunyoa kichwa: aligombana na mjomba wake juu ya mpaka wa ardhi, akashindwa kesi, akatupa karatasi zake mbele ya mtawala, akatoka nje akakata nywele kwa hasira.

Nikasema basi kijana na filimbi ni hadithi? Akasema watu walihitaji awe amelia, ndiyo wakaibeba habari hiyo miaka mia nane. Huenda alilia kweli. Mwandishi wa serikali haandiki kilio, anaandika kesi.

Akaniambia pia kwamba mbele ya stesheni ya mji wao kuna sanamu ya Kumagai. Farasi wa vita, mkono juu, anamwita kijana arudi. Akiwa mtoto aliipita kila siku akienda shule. Nikamwuliza, na sanamu ya farasi kinyumenyume? Akasema mbele ya stesheni hakuna. Hiyo watu wanaiweka ndani.

Nimerudi nyumbani nikiifikiria. Sisi pia tuna sanamu yetu mbele ya stesheni: kijana kwenye mswala, hatikisiki. Tumeisimamisha sisi, Bibi, Thani na mimi, na yeye akaishi chini yake.

Na mimi ningependa ibaki. Nisijitie wema. Nina watoto wa Thani wanaomwangalia babu yao kama mtu wa vitabuni. Nina Bi Balqis wa miaka sabini na tatu, ana presha. Nikimwambia nampa nini? Dakika tano za kaka yake mlangoni kwetu. Nisipomwambia nambakishia nini? Uchochoro usio na mtu. Nimegeuza geuza hivyo jioni nzima na uji wa Baba nimeuunguza.

Alkhamisi, 13 Novemba

Nimempigia Thani. Mwenye elimu ya fiqhi, hukumu za dini, nyumbani kwetu ni yeye.

"Mtu yuko kwenye sala, mlangoni yuko mtu anakimbizwa, anaomba kufunguliwa. Afanye nini?"

"Anakata sala anamfungulia. Wajibu. Hapana khilafu hapo. Kwa nini?"

"Nimesoma mahali."

Akanionya nisisome dini kwenye simu. Nikamwomba tuahirishe kesho, Baba hajisikii vizuri. Akasema haiwezekani, Bashayer anakabidhi kazi Jumapili na Bi Balqis ameshapata wa kumleta. Nikasema basi achague kisa kingine. Akauliza kingine kipi, Baba ana kingine? Nafasi ilikuwepo pale. Nilikuwa na simu sikioni na neno mdomoni. Nikamwambia aje na picha yangu.

Sijampigia Bi Balqis. Mara mbili nimelifungua jina lake kwenye simu, nikalifunga.

Ijumaa, 14 Novemba

Saa kumi na robo. Naandika jikoni, nimesimama. Daftari hukaa hapa siku zote, droo ya vitambaa vya sinia, kwa sababu hakuna mwanamume wa ukoo huu anayeifungua. Wote wako ukumbini. Nimesema naleta kahawa.

Nianze mwanzo, taratibu.

Thani alifika saa nane unusu na picha, bado imo kwenye gazeti. Nimeiegemeza hapa nyuma ya pipa la mchele. Bashayer aliweka simu yake juu ya kigoda, kuelekea kiti cha Baba, akaiwasha. Baba kanzu nyeupe ya dishdasha, kofia mpya, mtulivu. Hakutujua vizuri lakini alikuwa na furaha na wageni. Bi Balqis alikuwa hajafika. Thani akaanza kumsaidia: Baba, ile siku ya Malindi, ulikuwa unasali... Baba akatikisa kichwa kama anayesikiliza habari za mtu mwingine.

Adhana ya alasiri. Baba akanyanyuka mwenyewe, akauvuta mswala ambao Thani alikuwa ameutandika kuelekea magharibi, akaugeuza. Mgongo kwenye mlango. Thani akasimama amrekebishe. Nikamshika mkono, nikasema mwache. Labda ni sauti yangu, alikaa.

Rakaa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, akaenda sijda, na mlango ukagongwa.

Pete ya fedha. Mara tatu.

Nakimuli alitoka jikoni anakwenda kufungua. Nilimwashiria kwa kiganja, simama. Akasimama. Thani alinitazama kama nimerukwa na akili. Mimi mwenyewe sijui nilitaka nini. Najua tu kwamba mlango ule sikutaka ufunguliwe na mtu mwingine.

Baba hakunyanyuka. Niliona mgongo unatetemeka. Bi Balqis akagonga tena, pole pole, mtu wa adabu, mzee, amesimama kwenye jua na sahani mkononi. Nikasema moyoni, basi, ndivyo itakavyokuwa, akigonga tena naenda mimi.

Akagonga tena.

Baba akainua kichwa. Hakutoa salamu. Akakata sala. Akashika ukingo wa kochi, goti moja, la pili, kofia ikaanguka akaikanyaga, akaenda mlangoni. Watu wazima watatu na msichana mmoja, hakuna aliyemsaidia. Alihangaika na kitasa. Kwetu hakuna komeo, alikuwa akitafuta komeo. Akafungua.

"Sami," alisema. "N'likusikia. N'likusikia mara zote tatu. Ingia upesi."

Bi Balqis hakuingia. Alisimama na vileja vyake. Alimtazama Baba, akatazama mswala nyuma yake, akamtazama Baba tena. Mwanamke yule si mjinga, hajawahi kuwa.

"Kaka Jaifar. Sami alifika kwenu?"

Baba alikuwa ameshasogea pembeni kumpisha mtu na anaangalia nje, barabarani, juu ya bega lake.

Thani ndiye aliyempokea sahani, akamkalisha. Anazungumza mpaka sasa, namsikia kupitia mlango: maradhi, Bi Balqis, anachanganya watu, anachanganya mambo, wiki iliyopita alimwita Bashayer kwa jina la Mama. Maneno ya upole. Sauti yake haiko sawa, naye ameanza kuunganisha mambo. Jana aliniambia mwenyewe hukumu ya jambo hili bila kujua ni la nani. Simu juu ya kigoda bado inarekodi, hakuna aliyekumbuka.

Bi Balqis hamjibu Thani. Aliniuliza mimi. Aliniangalia tu, akasema, "Muhsina, baba'ko kasema nini pale?" Na mimi nikasema, kahawa, Bi Balqis, naleta kahawa.

Nakimuli amepita sasa hivi kuchukua maji. Amesema Jjajja bado amesimama mlangoni, hataki ufungwe. Amejaribu kumpa kiti, amekataa. Paka wa jirani ameingia. Nikamwambia akitoka afunge mlango wa jikoni, harufu ya kahawa isijae ukumbini. Alinitazama. Amefunga.

Kahawa imechemka mara mbili. Vikombe sita nimevipanga, nimevifuta, vilikuwa safi. Gazeti limechanika pembeni, namwona mtawa nusu, na mkia wa farasi. Nilimwahidi Baba. Nilisema ndiyo. Yeye ameshafungua mlango wake, kwa kuchelewa kwake kote. Itanibidi nianze na jina, kisha sauti, kisha kwamba watu walikuwa bado mbali. Hilo la mwisho ndilo sijui nitalitamkaje. Labda niandike kwanza jinsi ya

Pete. Mlango wa jikoni.

Bi Balqis haiti jina langu. Nasikia anavyohema, magoti yale, ametembea ukumbi mzima.

Mara ya pili.

Nami bado naandika.